Kabla ya kusaini ruhusa ya Baba

Tangu tumrudishe Baba nyumbani Bigwa, Morogoro, baada ya kulazwa kwa kiharusi, simu haziishi. Mmoja ana mama yake wodini Dodoma, mwingine ana mume wake Mwanza, na swali ni lile lile: ninyi mlifanyaje? Nimejibu kwa sauti za WhatsApp mpaka nimeona niandike kabisa, kila anayeuliza nimtumie hapa. Mimi si muuguzi. Nina duka la vitenge na cherehani zangu pale Msamvu. Ninachokijua nimekijua nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda cha baba yangu, na kikubwa kuliko vyote ni hiki: siku daktari anaposema "mzee kesho anapewa ruhusa", kama hakuna aliyekufundisha kwa mikono yako namna ya kumlisha, kumgeuza na kumnyanyua, una haki ya kusema bado.

Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ana miaka 71. Alikwenda Dar es Salaam kwa kipaimara cha mjukuu wake, mtoto wa kaka yangu wa Kimara. Usiku alikula, akaongea na wageni, akalala vizuri. Alfajiri kaka alipoingia kumwamsha wajiandae kwa misa, akakuta mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa kulia hauna nguvu, na maneno hayatoki. Wakamkimbiza hospitali. CT scan, yaani picha ya ndani ya kichwa, ikaonyesha mshipa upande wa kushoto wa ubongo umeziba. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini mgonjwa anatakiwa aipate ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kwa mtu aliyelala mzima akaamka hivyo hakuna wa kusema zilianza saa ngapi. Basi akaanzishiwa aspirini na matibabu mengine, akapelekwa wodi ya wanaume.

Hospitali sitaitaja. Wapo watu pale waliomhudumia Baba kama mzazi wao, na yapo mambo yaliyokwenda kombo. Yote mawili utayakuta hospitali nyingi.

Kazi ya kwanza haikuwa na daktari, ilikuwa na ndugu. Sisi ni Waluguru. Kwetu ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo akiugua baba, sisi watoto wake si wa ukoo wake. Neno zito ni la dada zake na wapwa zake. Shangazi mkubwa, anayekaa Matombo, alipiga simu siku ya pili. "Mleteni kwangu. Huo ni upepo umempiga, na upepo hautibiwi kwa dripu." Kaka alitaka kubishana. Mimi nikaona kubishana na Shangazi kwenye simu ni kumpa sababu ya kuja na gari kumchukua kaka yake, na kwa mila zetu hakuna ambaye angemzuia. Nikamwambia, "Shangazi, huyu ni kaka yako kabla hajawa baba yetu. Njoo umwone, umsikie daktari mwenyewe, halafu useme." Tukatuma nauli.

Alikuja. Nilimwomba daktari, baada ya raundi, atupe dakika chache na dada yake mgonjwa. Kijana yule, Mungu ambariki, aliinua ile picha ya CT scan dirishani, akamwonyesha Shangazi sehemu yenye kivuli, akamweleza kwa Kiswahili cha kawaida kwamba damu haikufika hapa, na sehemu hii ndiyo iliyokuwa inaendesha mkono wa kulia na maneno. Shangazi akauliza swali ambalo sisi wote wenye simu za kisasa hatukuwa tumeliuliza: "Hapo palipokufa pataota tena?" Daktari akasema hapataota, ila sehemu zilizobaki zinaweza kufundishwa kazi, na mafunzo hayo yanachukua miezi, na miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa. Kuanzia hapo Shangazi alikuwa upande wetu. Rozari yake aliendelea kusali pembeni ya kitanda, na hakuna aliyemkataza. Kwa hiyo kama kwenu kuna mwenye neno la mwisho, mjomba, baba mkubwa au yeyote yule, msimfiche wala msimzunguke. Mpelekeni kwa daktari akasikie kwa masikio yake.

Halafu tukagawana kazi. Msemaji kwa madaktari na wauguzi akawa mmoja, mimi. Tulikuwa tumeshaona hatari yake: asubuhi kaka anauliza anajibiwa hivi, mchana binamu anauliza anajibiwa vile, jioni tunagombana wenyewe kwa wenyewe nyumbani. Kaka alishika bima na hela. Usiku mwanamke halali wodi ya wanaume, kwa hiyo zamu za usiku zikawa za kaka na binamu zangu wawili, wapwa wa Baba, ambao kimila ndio hasa wenye mgonjwa. Na kulikuwa na jambo la heshima pia. Baba hangetaka binti yake amsafishe, hata kama hawezi kusema. Hilo walifanya wanaume.

Nilinunua kaunta buku. Kila ukurasa tarehe juu, chini yake nani kaja, kasema nini, dawa gani imetolewa saa ngapi, presha imesoma ngapi, amekula nini, mkojo kiasi gani kwenye mfuko, haja kubwa lini. Wa usiku naye anaandika. Mambo haya yanaonekana madogo mpaka siku unayafungua. Kuna dawa moja ya presha iliyokuwa imeandikwa kwenye faili lakini dirisha la dawa ilikuwa imekwisha, na sisi hatukuambiwa. Sikuijua kwa ujuzi wowote. Nilipitisha kidole kwenye kurasa nikaona jina lililokuwepo mwanzo limepotea katikati. Nikamwonyesha sista. Akakagua faili, akasema kweli, akatuandikia tukanunue duka la nje. Hakukasirika. Mtu akija na tarehe na saa ni vigumu kumkasirikia.

Nimeona ndugu wakiwafokea wauguzi hadharani, na nimeona wengine wanakaa kimya tangu siku wanayoingia mpaka wanapotoka na maiti. Hao wa kufoka walikuwa wanakwepwa, na hao wa kimya walikuwa wanasahaulika. Usiku wauguzi wawili wana wodi nzima, mgonjwa mwingine anadegedeka, mwingine anachomoa dripu. Nikajifunza kuuliza nikiwa nimesimama, kwa sauti ya chini, maswali matatu tu kila raundi: leo mmeona mabadiliko gani, leo mnabadilisha nini, na kitu gani kinamzuia asirudi nyumbani. Hilo la tatu nilianza kuliuliza wakati Baba bado hawezi hata kukaa. Kuna daktari aliniangalia kama vile namharakisha mgonjwa. Hapana. Nilitaka kila siku tujue ngazi iliyobaki ni ipi.

Sasa nikueleze kuhusu uji, maana hapa watu wanapoteza wagonjwa wao kwa upendo. Binamu yangu alikuja na chupa ya uji wa ulezi, kapika mwenyewe, kakaa kitandani, kijiko kinakaribia mdomo wa Baba aliyelala chali. Nikamshika mkono. Akasema, "Dada, mgonjwa haulizwi uji." Nikamwambia huyu lazima koo lake liulizwe kwanza. Kiharusi kikipooza upande mmoja wa uso, mara nyingi kinalegeza na koo. Chakula badala ya kwenda tumboni kinaingia kwenye njia ya hewa, mapafu yanaota nimonia, na hiyo nimonia ndiyo inayomwondoa mtu ambaye kiharusi chenyewe alikuwa amekivuka. Mgonjwa mwingine hata hapaliwi ukaona. Koo limekufa ganzi, uji unapita kimya.

Nikamwuliza sista kama Baba amepimwa kumeza. Alikuwa hajapimwa. Akamkalisha wima kwa mito, akachota maji kijiko cha chai, akamwekea upande mzima wa mdomo, akamwekea vidole kooni kwa nje kusikia koo likipanda. Kisha akamwambia, "Mwalimu, sema aaa." Sauti ikatoka na maji ndani yake, inakoroma. Sista akatikisa kichwa. "Bado. Huyu mpira." Ndivyo Baba alivyowekewa mpira wa puani. Nilijifunza kumlisha kwa bomba la sindano: kwanza kuhakikisha alama kwenye mpira haijasogea kutoka puani, kichwa cha kitanda kiinuliwe, uji mwepesi uliochujwa au maziwa, taratibu bila kusukuma kwa nguvu, maji ya kusafisha mpira mwishoni, na asilazwe mpaka nusu saa ipite. Na akianza kukohoa au kubadilika rangi, acha palepale uite mtu.

Jambo la pili lililonifumbua macho ni kidonda cha kulalia. Vitabu vya wazungu vinasema uangalie wekundu. Kwa ngozi yetu wekundu hauonekani. Binamu aliyekuwa anambadilisha nepi aliniita nje ya pazia akasema hapa juu ya makalio, kwenye mfupa, pamebadilika. Nilimwomba aelezee: peusi kuliko pembeni, pana joto ukiweka kiganja, pagumu kidogo, na ukibonyeza rangi haiondoki. Ngozi ilikuwa bado haijachubuka. Hiyo ndiyo saa ya kupiga mbio, maana ikishafunguka utakaa nayo miezi.

Nilikwenda kwa muuguzi kiongozi wa wodi asubuhi hiyo hiyo. Sikusema hammgeuzi. Nilisema, "Dada, tumeona dalili ya kidonda. Tuna watu usiku na mchana. Tufundisheni kumgeuza, kazi hiyo tuifanye sisi." Akaja mwenyewe, na jinsi alivyotufundisha ndivyo tunavyofanya mpaka leo. Shuka linakunjwa mara mbili na kulazwa chini ya mgonjwa kuanzia mabegani hadi mapajani. Watu wawili wanashika kingo, wanahesabu pamoja, wanambingirisha kwa shuka, si kwa kumvuta ngozi. Mto mgongoni, mto katikati ya magoti. Chini ya mashavu ya miguu kanga iliyokunjwa, ili visigino vielee visiguse godoro. Kila baada ya saa mbili, kushoto, chali, kulia, na kwa kuwa chali ndipo penye shida, chali tukapapunguza. Mkono uliopooza haushikwi kumnyanyua hata siku moja, maana misuli ya bega imelegea na bega linachomoka. Godoro la hewa lilinunuliwa kwa mchango wa jumuiya ya kina kaka kule Kimara. Pale mfupani hapakupasuka.

Nilibandika karatasi ukutani juu ya kitanda, kwa kalamu nene. Iliandikwa: Huyu ni Mwalimu. Anasikia na anaelewa kila kitu. Asipewe chochote mdomoni. Asivutwe mkono wa kulia. Chini yake ratiba ya kugeuzwa, na kila aliyegeuza anaweka saini. Mstari wa kwanza ndio uliofanya kazi kubwa kuliko nilivyotegemea. Kabla yake watu walikuwa wanazungumza juu ya kichwa chake. "Huyu babu amepata choo?" wananiuliza mimi, wakati babu mwenyewe anawatazama. Baada ya karatasi ile wakaanza kusema, "Mwalimu, habari za asubuhi. Tunakugeuza, Mwalimu." Na yeye akawa anafumba macho mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana, tukawa tunaulizana naye.

Ugonjwa wa kukosa maneno hauondoi akili. Baba alikuwa anaelewa, neno ndilo lilikuwa halishikiki. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani mazoezi ya viungo, alituambia kwamba mambo ambayo mtu ameyasema maelfu ya mara, kama kuhesabu, siku za wiki, sala, nyimbo, yanaweza kutoka hata kama sentensi ya kawaida haitoki. Baba alifundisha darasa la pili na la tatu karibu maisha yake yote. Siku moja nikiwa nampaka mafuta miguu nikaanza, "Mbili mara moja, mbili. Mbili mara mbili..." Akasema, "Nne." Wazi kabisa. "Mbili mara tatu?" "Sita." Tukaenda hadi ishirini na nne. Mzee wa kitanda cha pili akapiga makofi. Jina langu Baba alikuwa bado hawezi kulitaja, lakini jedwali lilikuwepo lote, na kuanzia hapo kila asubuhi tulianzia hapo.

Ndipo ikaja ile siku. Daktari, si yule wa picha dirishani, mwingine, alipita haraka. "Dada, mzee wako hali yake imetulia. Kesho anapewa ruhusa, muendelee na kliniki."

Kaka uso ukang'aa. Mimi nilimwangalia Baba: mpira puani, mpira wa mkojo, hawezi kukaa bila kuegemezwa. Nyumba iko Morogoro, karibu kilomita 200 kutoka pale.

"Nashukuru sana, daktari. Naomba kuuliza. Huu mpira wa puani anakwenda nao?"

"Ndiyo, mtamlishia nyumbani."

"Ukichomoka usiku Bigwa, nani atauweka?"

Akanyamaza kidogo. "Mtampeleka kituo cha karibu."

"Fiziotherapia kule ataipata kwa nani? Kuna barua ya rufaa? Na huu wa mkojo unatolewa lini?"

Akasema vitanda havitoshi, kuna wagonjwa mapokezi wamelala chini. Alikuwa anasema kweli, niliwaona. Nikamjibu kwamba nalijua hilo, na sitaki Baba akae kitandani siku moja zaidi ya inayohitajika, lakini akiondoka hivi atarudi wiki ijayo na nimonia, na kitanda kitajaa tena. Nikamwomba jambo moja: yeye, muuguzi kiongozi na mtaalamu wa fiziotherapia watuambie ni mambo gani Baba akiyaweza anaweza kwenda salama, yaandikwe, na sisi tutayafanyia kazi usiku na mchana. Karatasi ya ruhusa nisingeisaini kabla ya hapo, na nilimwambia hivyo kwa heshima, nikiwa nimemwangalia machoni. Kama angekataa ningekwenda kwa bingwa wake, na baada ya bingwa kuna ofisi ya ustawi wa jamii na uongozi wa hospitali. Hatukufika huko. Alivuta kiti akakaa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona daktari amekaa wodini.

Wakaandika. Ameze vitu laini salama, mpira wa puani utoke. Mpira wa mkojo utolewe na akojoe mwenyewe. Akae kwenye kiti saa mbili mfululizo bila presha kuyumba. Ahamishwe kutoka kitandani kwenda kwenye kiti na mtu mmoja tu. Ndugu wawili waonyeshe mbele ya muuguzi kwamba wanaweza yote.

Lile la kukaa ndilo lililotutoa jasho. Mwanzo ukimkalisha pembeni ya kitanda anaanguka upande wa kulia, na yeye haoni kama anaanguka. Mtaalamu wa fiziotherapia alimweka binamu mbele ya Baba, magoti yake yakibana magoti ya Baba, akamwambia Baba, "Mwalimu, sogeza bega la kushoto liguse ukuta." Dakika tano, anachoka, analala. Baadaye kumi. Alilia siku nyingine, kilio cha ghafla ambacho tuliambiwa ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na tukaambiwa pia tusikipuuze, maana huzuni kubwa huwapata wengi baada ya kiharusi na ina matibabu. Kupimwa kumeza kulirudiwa, safari hii sauti ikatoka kavu. Akapewa ugali laini wa lishe na parachichi lililopondwa, kidevu akiinamishe kifuani kila anapomeza. Alifumba macho mara moja, kwa nguvu. Ndiyo.

Siwezi kuacha kumtaja mzee wa kitanda cha pili, yule aliyepiga makofi. Alitoka Rufiji, mwanawe ni dereva wa bodaboda, hawana bima. Yeye aliruhusiwa kabla yetu, lakini bili ilimfanya kijana azunguke mlango wa uhasibu kwa hofu, akifikiri atauza pikipiki. Sisi tulikuwa na kadi ya bima ya Baba kama mstaafu, na hata hivyo nepi, godoro na mengine yalitoka mfukoni. Nilijua mzigo ulivyo. Nikampeleka ofisi ya ustawi wa jamii, iko nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje, mlango ambao wengi hawaujui. Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mzee anatambuliwa kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na wazee wasio na uwezo wanatakiwa kutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Lakini hakuna atakayekufuata kitandani kukuambia. Anahitaji kutambuliwa, barua ya serikali ya mtaa au kijiji, kisha afisa wa ustawi amhoji. Mwenyekiti wa kijiji chao alipigiwa simu, barua ikatumwa, wakaondoka. Kama una mzee asiye na bima, nenda ustawi wa jamii siku ya kulazwa. Usisubiri bili ikue.

Wakati Baba anafanya mazoezi ya kukaa, mdogo wangu alikuwa Bigwa anaandaa nyumba. Kitanda kilihamishiwa sebuleni, maana chumba chake kina ngazi mbili. Seremala alikata tundu kwenye kiti imara cha mbao chenye mikono, ndoo chini, hicho ndicho choo. Fundi wa kuchomelea aliweka bomba ukutani kutoka kitandani hadi mlangoni, upande wa kushoto, ambao ndio mkono wake mzima. Mazulia yote yalitolewa. Kiti cha magurudumu tuliazimwa parokiani.

Siku ya kuondoka nilisoma karatasi ya ruhusa yote kabla ya kalamu. Majina ya dawa, kiasi, saa, na ipi ni ya maisha. Presha inayotakiwa. Tarehe ya kliniki. Barua ya rufaa ya fiziotherapia Morogoro. Nakala ya CT scan. Na niliuliza wakaniandikia kwa mkono dalili za kumrudisha hospitali haraka: homa na kifua kukoroma, usingizi usio wa kawaida, udhaifu mpya, mguu mmoja kuvimba na kuuma. Hiyo ya mguu nisingeijua. Damu inaweza kuganda kwenye mguu usiotembea.

Tulirudi kwa treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Juni 2024. Basi tuliliogopa kwa ngazi zake na foleni ya Kibaha, na gari la wagonjwa bei yake ilitushinda. Treni haichukui hata saa mbili, ndiyo maana tulikuwa tumeng'ang'ania saa mbili za kukaa. Stesheni kuna lifti, wahudumu walimpokea na kiti chake, na Baba alikaa dirishani upande wa kushoto akiwa amefungwa kitenge kifuani kwa usalama. Milima ya Uluguru ilipoanza kuonekana, aliinyooshea mkono mzima.

Nyumbani kuna siku nzuri na siku ngumu. Anasimama sasa kwa kushika bomba. Anasema "chai", "hapana", "sasa", na majina ya wajukuu wawili. Binamu zangu wanapokezana kila wiki kutoka Matombo, na mmoja wao anataka kusomea uuguzi; tunamtafutia ada. Kaunta buku la kwanza limejaa, tuko kwenye la pili.

Kliniki ni Jumanne ijayo, na maswali yapo tayari. Presha ya asubuhi inagonga 150 kwa 90 siku nyingi. Tuongeze dawa au tubadilishe saa? Vidole vya mkono wa kulia vinaanza kujikunja. Kuna kifaa cha kuvinyoosha usiku? Aspirini inamletea kiungulia; anywe na nini? La mwisho ni la Baba mwenyewe, tulilipata kwa kumtajia vitu kimoja kimoja mpaka akafumba macho mara moja: ni lini anaweza kusafiri kwenda Matombo, maana barabara ile ina kona na mashimo, na dada yake anamsubiri. Hilo nitamwomba daktari amjibu yeye.